Mkwaruzo wa Baba

Mama aliinua mguu, akasubiri sindano ya gramafoni ikwame.

Santuri ilikuwa kipenzi cha marehemu baba: pop ya Kifaransa ya miaka ya sitini, magitaa yanayumba kama yamelewa, binti ananong'ona maneno ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuyaelewa. Kwenye kibwagizo kulikuwa na mkwaruzo. Sindano ikifika pale inakwama, neno linajirudia, mpaka baba apige sakafu kwa kisigino. Alipofariki, Mama akairithi kazi hiyo.

Leo wimbo ulipita pale bila hata kusita. Mguu wa Mama ulibaki hewani, ndala ikining'inia kwenye kidole gumba.

"Imepona?"

Kaka yangu, ambaye hukusanya santuri hizi kama mtu aliyerogwa, alitabasamu hadi masikioni.

"Nimekutafutia nyingine, Mama, haina hata doa. Nimeitia kwenye jalada letu, maana jalada lilikuwa bado zuri. Wakusanyaji ndivyo tunavyofanya."

"Na ile ya baba yako?"

"Ile mbovu? Si nimeitupa."

Mama alishusha mguu taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Akainuka, akaenda zake chumbani.

Kaka alinitazama. Nikatazama ukuta.

Akapiga magoti, akairudisha sindano nyuma. Kibwagizo kilipofika, akainuka na kupiga kisigino kwa nguvu zake zote. Sindano ikateleza, ikaikwaruza santuri mpya kutoka pale hadi katikati.

Mlango wa Mama haukufunguka.