Njia ya Uholanzi

Kwa mujibu wa simu yake, Avelina alikuwa Uholanzi. Kwa mujibu wa wateja wake, alikuwa pale pale Majengo, Sumbawanga, amekalia gunia, anapepeta ulezi.

Uholanzi alipelekwa na Stanley, fundi simu wa jirani. Serikali ilipoufungia ule mtandao ambao kila mtu aliutumia kwa video na ujumbe, Stanley alimwekea VPN, programu ya kuifanya simu ionekane iko nchi nyingine, na kumwonyesha pa kubonyeza. "Ukiwa Uholanzi, mama, huku hawakuoni." Penye nia pana njia, na mama mwenye mtoto mafichoni nia haimwishii.

Mtoto mwenyewe ni Yusto. Alirekodi malori ya mbolea ya ruzuku yakivuka mpaka kwenda kuuzwa, wakati wakulima wa Ufipa wanalilia mahindi yaliyopauka shambani. Akairusha video, nchi nzima ikaitazama. Haukupita muda mtandao ukafungwa, na wenzake walioisambaza wakachukuliwa majumbani kwao. Mpaka leo hawajulikani walipo. Yusto, aliyekuwa Mbeya, alimwachia mama yake neno moja tu: asimpigie kwa simu ya kawaida, simu zinasikilizwa. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho kilimtafuna Avelina. Chakula hakipiti, usingizi hauji, hata rozari anaianza bila kuimaliza. Basi Uholanzi ilipofunguka na ujumbe wa Yusto ukaingia, alipiga kigelegele peke yake dukani, mteja akadhani kashinda bahati nasibu.

"Shikamoo mama. Nipo hai. Usiwe na wasiwasi."

Picha ilikuwa yake. Juu ya ujumbe huo mazungumzo yao yote ya zamani yalikuwepo, mpaka salamu za Pasaka. Avelina akamwomba atume japo sauti, aisikie. "Siwezi, mama. Kuna watu karibu." Akaelewa. Anayejificha haropoki ovyo.

Wakapanga kwa siku kadhaa. Yusto avukie Kasesya, aingie Zambia. Kabla ya hapo apumzike kijijini kwa Jovina, dada mkubwa wa Avelina. Kijana akaomba aelekezwe vizuri. Avelina akamwelekeza kama mgeni: ukivuka daraja la mbao, liache kanisa mkono wa kushoto, nyumba ya mwisho yenye mlango wa bluu. "Yaani umesahau hata kwa mama mkubwa aliyekulea!" alimtania. "Mji umekulevya, mwanangu. Njoo Jumapili asubuhi, watu wakiwa kwenye misa."

"Asante mama. Usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu, hata Jovina. Jumapili alipanda bodaboda na kapu lake: samaki wakavu, unga wa ulezi na sweta zito, maana baridi ya Ufipa haina mchezo. Njiani aliimba nyimbo za kanisani, dereva akamsaidia kuitikia.

Jovina alifungua mlango kidogo, akamvuta ndani upesi, akapiga komeo.

Jikoni, karibu na moto, alikuwa amekaa Yusto. Amekonda, ndevu zimemjaa, lakini mzima. Avelina alibwaga kapu chini, akamkumbatia akilia kwa sauti mpaka dada yake akamziba mdomo.

"Umewahi, baba," alisema, akimpapasa mashavu. "Nilijua utanitangulia. Umeingia saa ngapi?"

"Saa ngapi tena, mama? Niko hapa tangu wiki iliyopita. Mama mkubwa ndiye aliyekataza tusikupigie."

"Wewe nawe na utani wako. Si jana tu tumeandikiana?"

Yusto alimtazama mama yake, kisha akamtazama Jovina.

"Tumeandikiana kwa simu gani, mama? Yangu waliibeba kule Mbeya, mimi nikitokea dirishani."

Ndani ya kapu, chini ya sweta, simu ilitetemeka. Avelina akaichukua. Uso wa Yusto ulikuwa juu ya kioo, unatabasamu.

"Nimefika, mama. Nifungulie mlango."