Hedfoni Zinazoitikia Salamu

Siku hizi sheria inataka kila anayekimbia barabarani avae hedfoni za mfupa. Zinakaa shavuni na kupitisha sauti kwenye mfupa, masikio yanabaki wazi, na ukisalimiwa zinajibu zenyewe kwa sauti yako, usije ukaonekana huna adabu.

Wiki nzima mume wangu, Baba Nasra, yuko kitandani, na hakuna jirani aliyekuja kumjulia hali. Watakujaje, na kila asubuhi nikikimbia hiki kidude kinawaambia, "Nyumbani wote wazima"?

Leo nimechoka. Nimezivua hedfoni zangu, nikamsimamisha Mama Shani, jirani yetu, aliyekuwa akikimbia kuja upande wangu.

"Mwenzangu, Baba Nasra anaumwa sana."

"Tunamshukuru Mungu, nasi hatujambo," ikajibu sauti yake.

Ndipo nilipomtazama usoni. Midomo ameifumba, na machozi yanamtoka.