Lango la Juu

Katika bonde la Mto Kiwilo magari yalikuwa marufuku, na kila mwaka mkazi alipimwa: afike lango la juu kwa baiskeli ndani ya saa moja, la sivyo ahamishwe, asirudi tena.

Tusajigwe alipanda njia ya changarawe msituni, mama yake akihema nyuma. Zilipobaki dakika tano, mama alishuka.

"Magoti yamegoma. Nenda, mwanangu."

"Nitakusukuma, mama."

"Tukichelewa wote, wanao watalelewa na nani?"

Tusajigwe akakanyaga pedali huku akilia, akavuka lango peke yake. Mlinzi akampa pongezi.

Alipofika nyumbani, wanawe walimtazama, wasiulize bibi yuko wapi. Walichukua baiskeli zao wakatoka kufanya mazoezi.