Mikono Juu

"Wanaomtaka Kristina awe mwenyekiti wa ushirika wetu wa alizeti, mikono juu!" katibu alitangaza mkutanoni.

Kristina alimtazama mumewe, mwalimu wa shule ya kijiji. Msimu mzima wa mavuno, yeye akipiga alizeti kwa fimbo, mumewe alikaa kitini akimsomea maneno ya mwanafalsafa wake: binadamu ajishinde, ajiamulie mwenyewe kilicho na thamani. Mumewe ndiye aliyemhimiza agombee.

Hakuna aliyeinua mkono. Mikono ya mumewe ilibaki mifukoni.

"Mwalimu, leo utalala nje!" mzee mmoja alimtania.

"Yule mwanafalsafa aliwaandikia wanaume," akajibu, na watu wakacheka. "Wanawake aliwaona ni wa kutawaliwa tu."

"Mbona hapo hukunisomea, Mwalimu?" Kristina aliuliza.

Alitazama kiganja chake, malengelenge yamepasuka na kuingia vumbi la alizeti.

Akakinyoosha juu, peke yake.