Mlango wa Kanisa la Mbuzi

Mbuzi walipoanzisha misheni yao ya Matengenezo ya Kanisa, kila jiwe la kanisa lilipanda mlima mgongoni mwa Punda. Siku ya kulifungua, Punda akakwama mlangoni. Mlango ulikuwa umejengwa kwa kipimo cha mbuzi.

“Mzee, mbona mimi siingii?”

“Vumilia, ndugu,” akasema Mzee Ndevu, mkuu wa baraza la wazee. “Tukiongezeka, tutalipanua kanisa.”

Punda, maskini wa Mungu, akavumilia, akijifunza katekisimu dirishani. Waumini wakaongezeka kweli. Akaitwa abebe mawe tena, akayabeba huku akiimba zaburi, vidonda vya mgongo asivihisi.

Wakalipanua kanisa kwa nyuma.

“Mzee, na mlango?”

“Mlango una nini?” Mzee Ndevu akashangaa. “Mbona sote tunaingia?”