Mkono wa Mzee Semboja

Filamu ilikuwa ya kutisha, na ilitakiwa ionekane imerekodiwa na mtu anayekimbia jini. Mzee Semboja aliacha kupiga video za harusi mwaka jana, mkono wake ulipoanza kutetemeka, wala hakumwambia mtu. Humu ndani ya nyumba gofu walimoirekodi, aliuachia tu mkono wenye kamera ufanye utakavyo.

Tunu, mwongozaji, alitazama picha akapiga makofi.

"Babu wee! Wenzako niliowajaribu walikuwa wakicheza ngoma na kamera. Wewe unaogopa kweli! Unafanyaje?"

"Mazoezi, mwanangu."

"Basi harusi yangu Jumamosi utapiga wewe. Ila huko utulie!"

Semboja alicheka naye. Tunu alipotoka, akaishika kamera kwa mikono miwili, akailenga dirishani, akabana pumzi na kusubiri nondo za dirisha zitulie.