Mkono wa Baba Sekela

Siku hizi fundi wa ndege akikosea hafukuzwi. Wanafuta kichwani mwake kosa lenyewe na kila kinacholihusu, ili mkono usimtetemeke akirudi kazini. Eti ndiyo huruma.

Kosa la mume wangu lilikuwa nati moja. Aliiacha bila kuikaza, akakimbia kumpungia mkono binti yetu Sekela, aliyekuwa akisubiri kupanda ndege hiyo hiyo. Aliporudi akafunga kifuniko, akidhani amemaliza. Ndege haikufika. Basi wakamfutia hata Sekela kichwani mwake.

Mimi sikukosea, kwa hiyo nimeachiwa kukumbuka. Nimekatazwa tu kumwita Baba Sekela, jina nililomwita tangu mtoto azaliwe. Sasa namwita Ambakisye, kama vile ndiyo kwanza tunajuana.

Jana tulikuwa tunaanika nguo uani, ndege ikapita. Akaacha shuka, akainua mkono, akapunga na kupunga.

"Hivi nampungia nani, mke wangu?" akaniuliza, akicheka kidogo.

"Wewe punga tu, Baba…" Jina nikalimeza.

Akanigeukia, mkono ukiwa bado juu.

"Baba nani?"